Uso wa Mama Mkwe Kwenye Kioo

Binamu yangu Thobias alikuwa na kidole kimoja cha kazi na vingine tisa vya kukisindikiza. Hicho kimoja, cha shahada, cha mkono wa kulia, ndicho kilichomwajiri.

Mwaka ule wa tisini na nane kampuni moja ya wazungu ilikuwa imepiga kambi upande wa Geita, inachoronga ardhi kutafuta dhahabu. Pale getini, ndani ya kibanda cha mabati, wakaweka kompyuta ya ajabu. Haikuhitaji vitufe. Unagusa kioo chenyewe kwa kidole, nayo inatii. Sisi wengine tuliomaliza kidato cha nne pamoja na Thobias tulipewa kazi ya kubeba sampuli za mawe juani. Yeye akapewa kiti, tena cha kuzunguka. Ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mabinamu ni watani, kwa hiyo nikisema kwamba kila asubuhi alikuwa akikipaka kidole kile mafuta ya nazi, sina kesi ya kujibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwenye ruhusa ya kuingia kambini alipigwa picha na Umesh, mpiga picha wa Kahama aliyeletwa kambini na studio yake nzima nyuma ya pikapu. Picha zile zikaingizwa kwenye kompyuta, zikapangwa kwa herufi, safu chini ya safu, kila uso ukubwa wa stempu ya barua. Ukifika dirishani, Thobias anautafuta uso wako kiooni, anaubonyeza, geti linafunguka. Ukitoka, vivyo hivyo. Na akikosea akambonyeza jirani yako, mashine haimuulizi mara mbili.

Kukosea kulikuwa rahisi. Kioo kilikuwa kinene na picha ziko nyuma yake, kama punje ya harage iliyozama kwenye sufuria ya maji: unaiona iko hapa, ukitia kidole unakuta iko pale. Fundi aliyekuja kuifunga aliacha agizo moja tu. Ukae sawasawa mbele ya uso unaoutaka, macho kwa macho, ndipo ubonyeze. Ukitazama kwa pembeni, kidole kinaangukia kwa jirani. Bwana Eustace, mkuu wa walinzi, mtu wa Bukoba mwenye kifua kama mlango wa ghala, alijaribu siku moja akashindwa kabisa. Macho yake yalikuwa ya mbali. Mwizi aliye kule kilimani alimwona hata rangi ya soksi, lakini stempu iliyo mbele ya pua yake aliiona ukungu. Siku hiyo alimbonyeza padri badala ya dereva wa lori, na tangu hapo akakiachia kioo wenyewe, yaani Thobias na mwenzake Cornel.

Macho kwa macho. Hilo agizo lishike, maana ndilo lililomuua binamu yangu akiwa hai.

Thobias alikuwa ameposa. Msichana aliitwa Agnetha, na watu wake walitoka Didia, wakaifuata dhahabu wasiichimbe, wakaona afadhali kuwalisha wanaoichimba. Mama yake alikuwa akipeleka mtindi na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, jikoni kwa kampuni kila siku, ndoo kichwani, khanga imepigwa pasi utadhani anakwenda kipaimara. Posa ilikuwa imepokelewa. Baba amekubali, wajomba wamekubali, ng'ombe wametajwa na wa kwanza wameshaletwa. Lililobaki lilikuwa neno la mama, na mama alikuwa bado anamwangalia kijana.

Yeye alikuwa na haki ya kumwangalia kijana. Kijana hakuwa na haki ya kumwangalia yeye. Mtu wa nyumbani kwetu hahitaji kuelezwa. Mama mkwe hatazamwi usoni. Mkikutana njiani unapisha, hata kama pembeni ni miiba. Ukimsalimu unaisalimia ardhi. Jina lake ulimi wako haulijui. Thobias, ambaye shuleni alikuwa mtundu wa kupindukia, kwa hili alikuwa mtiifu kupita wazee. Mchukue basi kijana wa namna hiyo, umkalishe kwenye kiti cha kuzunguka, umwambie kazi yako kuanzia leo ni kumkodolea macho mama mkwe na kumbonyeza pua.

Alijiokoa kwa mkojo. Kila ndoo ya Mama Agnetha ilipochomoza barabarani, Thobias alibanwa. Alitoka mbio kuelekea chooni, Cornel anasogea kwenye kiti, anambonyeza mama, mama anapita. Akitoka saa ya jioni, mkojo tena. Mkojo wa Thobias ulikuwa na saa kuliko kengele ya kambi. Bwana Eustace alianza kumhurumia, akamshauri aende zahanati akapimwe kichocho.

Siku moja, mchana, Cornel aliletewa habari kwamba baba yake mdogo amefariki, akapanda lori la kwanza kwenda msibani. Thobias alimsindikiza mpaka barabarani akiwa na huzuni ya kweli. Tulidhani anamlilia marehemu.

Ilipofika saa ya kutoka, foleni ilikuwa ndefu. Sisi wa sampuli, wachorongaji, mafundi, wapishi, wote tumechoka, wote tuna vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama Agnetha alikuwa mbele yangu kidogo na ndoo yake ya plastiki yenye mfuniko, juu ya mfuniko amefunga kitambaa safi. Watu walimpa nafasi. Alikuwa kiongozi wa kwaya, mama wa heshima zake, na lilijulikana neno lake alilopenda kuwaambia wanakwaya wenzake, kwamba nyumbani kwake hakiingii kijiko cha chakula kilichotoka jiko la mtu mwingine.

Nilimwona Thobias akisimama.

"Afande, nikojoe kidogo."

"Umekojoa mchana," Bwana Eustace akasema. "Kaa ubonyeze, watu wanataka kwenda kwao."

Thobias akainama akamnong'oneza kwamba anayefuata ni mama mkwe wake. Bwana Eustace hakujua kunong'ona. Alijibu kwa sauti ya kupokelea gwaride kwamba kwao Bukoba nako wakwe wapo na wanaheshimiwa sana, lakini hakuambiwa abonyeze mkwe, aliambiwa abonyeze picha.

Mama Agnetha alikuwa ameshafika dirishani. Alisimama ameangalia barabara kama inavyotakiwa. Thobias akakaa. Sasa angalia heshima inavyoweza kumwangamiza mtu. Alikigeuza kiti upande, uso akauelekeza kwenye kalenda ya ukutani. Kwa mkono wa kushoto akakishika kifundo cha mkono wa kulia, kama mtu anayempa mkubwa wake kitu. Kichwa akakiinamisha. Kisha akanyoosha kile kidole chake cha mafuta ya nazi, polepole, kwa adabu zote alizofundishwa, akagusa kioo.

King'ora kikalia.

Hapo lazima nimtaje Mabula. Mabula alikuwa kibarua wa jikoni aliyekamatwa akitoa mawe ya dhahabu ndani ya sufuria ya ugali, chini ugali, katikati mawe, juu ugali. Alifukuzwa, lakini uso wake waliuacha kiooni ukiwa na mstari mwekundu pembezoni, ili akirudi kwa hila na kidole kikamgusa, king'ora kilie na walinzi wamkague mtu aliye dirishani mpaka kwenye kucha. Na Mama Agnetha, siku ya kuandikishwa, alipoulizwa jina alisema anaitwa Mama Agnetha. Angesema nani mwingine? Mtu mzima na watoto wake. Wakaandika hivyo hivyo, na kompyuta ikampanga kwenye herufi yake, ubavuni kwa Mabula.

Walinzi walitoka na virungu. Hawakuuliza Mabula ni nani wala mama ni nani, walijua king'ora. Wakamwambia aweke ndoo chini. Wakamwambia avue kandambili, wakazigonganisha. Wakamwambia akung'ute khanga ya juu, akaikung'uta. Wakamwambia afungue kilemba, akakifungua, na foleni nzima ikaona nywele za mama wa watu, zenye mvi ambazo hakuna aliyejua kwamba zipo. Alifanya yote aliyoambiwa. Wakati mlinzi mmoja alipoinama kufungua kile kitambaa juu ya ndoo, ndipo mama alipopeleka mkono kumzuia. Mlinzi akaona hapo ndipo penye dhahabu. Akatandika gunia, akaipindua ndoo.

Ilimwagika miguu ya kuku. Shingo za kuku. Maganda ya mkate yaliyokatwa pembeni, yale wazungu wasiyoyapenda. Soseji nzima moja, na nyingine iliyoumwa nusu, meno yanaonekana.

Hakuna lililokatazwa pale. Mpishi mwenyewe alisema kutoka huko nyuma kwamba vile vitu ni vya kutupwa, yeye humpa mama kila siku. Alisema kwa nia njema, akamalizia kummaliza. Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwamba kumbe hata wazungu wanabakiza, na kicheko kikapita foleni nzima, kikanipitia na mimi.

Thobias hakucheka. Yeye alikuwa anaitazama ile miguu ya kuku kupitia dirishani, na najua alichokuwa anakiona. Kila Jumapili alipokwenda kuwasalimu, Agnetha alikuwa akimletea bakuli la supu ya miguu ya kuku, nzito, yenye pilipili manga. Alikuja kutusimulia supu ile wiki nzima. Aliwahi hata kuuliza, kwa sifa, wanafuga kuku wangapi.

Mama Agnetha aliokota. Mguu mmoja mmoja, shingo moja moja, akavirudisha kwenye ndoo, akafunika, akafunga kitambaa, akafunga kilemba. Walinzi walikuwa wameshafungua geti kwa mkono. Alipofika getini aligeuka akatazama kibanda mara moja. Dirishani hapakuwa na mtu. Binamu yangu alikuwa chini ya meza.

Ungedhani yamekwisha. Lakini mashine ilikuwa bado haijamaliza kazi yake. Kwa kuwa kilichobonyezwa ni Mabula, Mama Agnetha hakuandikwa kwamba ametoka. Giza lilipoingia kompyuta ikawaambia mabwana wakubwa kwamba kuna mwanamke amebaki ndani ya kambi. Wakaamriwa walinzi wa usiku, ambao hawakumwona akitoka, wamtafute. Wakapita hema hadi hema na tochi, wanafunua neti, wanaita Mama Agnetha, Mama Agnetha. Kufikia asubuhi kijiji kizima kilikuwa na habari yenye miguu yake yenyewe: Mama Agnetha anatafutwa kwenye mahema ya wazungu.

Shangazi yangu Euphrasia, mama yake Thobias, alifunga safari siku ile ile kwenda kuomba radhi. Nilimsindikiza, nikabaki uani, ila nyumba ni ya miti na udongo, haifichi neno. Alianza mbali, akaeleza kioo, akaeleza stempu, akaeleza kibaka Mabula. Mama Agnetha alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema neno moja.

"Mwanao alinitazama akaona mwizi."

"Hakukutazama, dada," shangazi akamwambia. "Angekutazama yasingetokea."

Hilo likamchoma zaidi. Alisema kidole hakiendi chenyewe. Alisema kijana aliyesoma, anayekalia kiti cha kuzunguka, anambonyeza kila mtu sawasawa kutwa nzima, akifika kwake ndipo kidole kinapofuka? Alisema huenda kijana ameona ng'ombe ni wengi anatafuta njia ya kuvunja, basi amwambie asihangaike, njia imepatikana. Hao waliokwisha kuletwa wakachukuliwe. Na kwa wanakwaya aliwaambia hivyo hivyo, kwamba yule kijana amefanya makusudi.

Agnetha alitoka nyuma ya nyumba kunipa maji. Hakuuliza habari za Thobias. Alinipa kikombe, akasimama anaangalia kidole chake mwenyewe cha shahada, akakikunja.

Kambini mambo hayakuwa mazuri. Thobias alipewa jina, Mkwe wa Mabula. Aliyelianzisha simjui, msinitazame. Watu walifika dirishani wakiuliza kwa upole, leo sisi ni akina nani? Yeye anabonyeza, hajibu. Nilikuwa nimeandaa utani wa kutosha mwezi mzima, lakini nilipomkuta siku moja amekalia ndoo ya maji nyuma ya kibanda, chakula chake anakitupia kunguru, utani wote ulinikwama. Aliniambia kwamba akifumba macho anaona nywele zile za mvi. Mkwe wake mtarajiwa alikuwa amevuliwa kilemba mbele ya wachorongaji, na yeye ndiye aliyemvua, kwa kidole, akiwa ameshikilia kifundo cha mkono kwa heshima.

Siku zikapita, Cornel bado yuko matanga, mtindi hauji. Mwisho Bwana Eustace akatuma salamu kijijini. Alisema wakubwa hawakuridhika. Kwa hesabu za kompyuta Mama Agnetha bado yuko ndani ya kambi, anakula na kulala humo. Aje mwenyewe getini, maana kwa sheria asiyesimama dirishani habonyezwi, abonyezwe atoke, yaishe. Bila hivyo uso wake utaingizwa kwenye mstari mwekundu pamoja na wa Mabula.

Alikuja asubuhi. Alikuja na khanga mpya, mtindi kichwani, na shangazi Euphrasia akiwa shahidi, maana mama yule hakutaka tena mambo ya kusimuliwa. Walikuwapo watu wa shifti ya kuingia, na wengine wasio na shifti yoyote waliokuja kutazama tu. Thobias alipomwona alisimama akashika mlango.

"Mwambie akae," Mama Agnetha akamwambia shangazi.

"Anasema ukae," shangazi akamwambia Thobias, ambaye alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

"Mwambie nimekuja kujitoa mwenyewe. Kidole ninacho."

Bwana Eustace aliona ni sawa. Akaingia akakizungusha kioo kikaelekea dirishani. Mama akashusha ndoo, akajifuta kidole kwenye khanga, akaingiza mkono dirishani. Dirisha lilikuwa juu, kioo kiko chini upande mmoja, akawa anajitazama kutoka juu na kwa ubavu. Uso wake aliuona. Alisema hata, huyu hapa mimi. Akabonyeza.

King'ora kikalia.

Walinzi walitoka na virungu, wakamkuta mwenyewe, wakasimama. Mama Agnetha aliutoa mkono akakitazama kidole. Bwana Eustace akazima king'ora. Mama akaingiza mkono tena, safari hii kwa uangalifu kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, akajibonyeza katikati ya paji la uso. Mabula tena. King'ora tena.

"Kumbe," akasema.

Alilisema polepole, siyo kwetu. Nilimwona mabega yakishuka. Wanakwaya wawili walikuwa hapo nyuma, walewale aliowaambia kwamba kijana amefanya makusudi, na sasa walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao. Aibu iliyokuwa ya Thobias peke yake ikavuka dirisha, ikampata mama, wakawa wanaigawana.

Bwana Eustace, ambaye macho yake ya mbali hayaoni mambo kama hayo, alianza kueleza kwa sauti ile ile ya gwaride. Kioo ndivyo kilivyo. Lazima anayebonyeza akae mbele yake na autazame uso macho kwa macho. Dirishani haiwezekani. Labda mama aingie kibandani. Alipofika hapo hata yeye alinyamaza, maana kibanda kile kiliwatosha watu wawili wakiwa wamebanana magoti, na mmoja wao angekuwa Thobias, maana mwenye zamu haruhusiwi kumwachia mgeni kibanda.

Mama Agnetha akamgeukia shangazi.

"Mwambie anitazame."

Kuna ujumbe ambao hata mjumbe anaona aibu kuubeba. Shangazi alimtazama mwanawe, akatutazama sisi, akajifunga khanga upya ambayo haikuwa imefunguka.

Basi mama akajisogeza mwenyewe, akasema kuelekea ukuta wa mabati, lakini kila mtu alijua anasema na nani.

"Nitazame, baba. Nimekuruhusu mimi. Nitazame unitoe humo."

Kisha akageuka, akalipa dirisha mgongo, akajifunika khanga kuanzia kichwani.

Bwana Eustace alikirudisha kioo mahali pake. Thobias akakaa, akavuta kiti mpaka goti likagonga meza. Nilikuwa nimeegemea mlangoni, niliona alichokiona. Uso mdogo wa mwanamke ambaye taa ya Umesh ilimshitua akiwa anataka kucheka, jicho moja limefumba nusu, na katikati ya meno ya juu mwanya ule ule wa Agnetha. Sidhani kama Thobias alikuwa anaujua mwanya ule. Miezi yote ya posa, alikuwa amezoea miguu tu na pindo la khanga. Masikio yake yalikuwa mekundu, na watu wenye rangi yetu si rahisi masikio kuwa mekundu. Alitazama. Machozi yalimlengalenga, ikabidi afute, maana ukungu nao unapotosha. Akabonyeza.

Kengele ndogo ikalia, geti likafunguka. Mama Agnetha, aliyekuwa amesimama nje tangu asubuhi, akawa ametoka kambini.

Sasa ilibidi aingie, mtindi umerudi kichwani. Kwa hiyo Thobias alitazama tena, akabonyeza tena. Alipopita, binamu yangu alikizungusha kiti akakaa uso kwa uso na ukuta, na foleni ikasubiri, na Bwana Eustace kwa mara ya kwanza hakumharakisha mtu.

Jioni nilihakikisha niko karibu. Mama Agnetha alikuja na ndoo yake mkononi. Hakuwa ameifunika. Mfuniko ameubeba chini ya kwapa, kitambaa amekitia ndani ya mfuniko, na ndani ya ndoo miguu ya kuku inaonekana, imejipanga na vidole vyake. Alipita foleni yote hivyo, polepole, kila mwenye macho aone. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Aliyekuwa na mzaha alikuwa na nafasi ya kuusema. Hakuna aliyeusema.

Alipofika dirishani alisimama sawasawa, akageuza uso kuelekea barabarani, akabaki hivyo. Siku zote mdogo ndiye anayegeuka. Jioni ile aligeuka mkubwa, ili mdogo apate kutazama.

Thobias akatazama, akabonyeza. Kengele ndogo.

Wiki ile ile shangazi Euphrasia aliletewa habari kwamba ng'ombe wasichukuliwe, na kijana Jumapili apite asalimie kama alivyozoea. Thobias alinishika mkono niende naye. Tulikaribishwa sebuleni. Agnetha alileta maji ya kunawa, akaenda, akarudi na mabakuli mawili ya supu, akayaweka mbele yetu. Hakututazama. Supu ilikuwa nzito, ina pilipili manga, na juu yake imeelea miguu ya kuku.

Mimi nilishika langu. Thobias alilishika bakuli kwa mikono miwili, hanywi, haweki chini. Jikoni, nyuma ya ukuta, palikuwa kimya namna ambayo unajua kuna mtu amesimama. Halafu sauti ya Mama Agnetha ikamwita binti yake, si kwa nguvu.

"Agnetha, muulize mgeni kama chumvi imekolea."

Agnetha hakuuliza, sote tulikuwa tumesikia. Thobias akasema na bakuli, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Imekolea, mayu."

Akainamisha uso mpaka mvuke ukamfunika, akanywa yote. Kisha akaichukua ile miguu, mmoja baada ya mwingine, akaiguguna kwa sauti, ili isikike mpaka jikoni.